Dirishani, njiani au katikati: siti ipi ya ndege itakufaa?

Wengi wetu tulijifunzia kuchagua siti kwenye basi. Ukitoka Dar kwenda Mwanza, siti ya dirishani ni mali. Unapata upepo, unaegemeza kichwa kwenye kioo, na basi likiingia Msamvu unanunua maji na korosho bila kuinuka. Haja ikikubana, unajua dereva atasimama mahali, wote mtashuka kuchimba dawa, wote mtarudi. Basi mtu anapokata tiketi yake ya kwanza ya Dubai, Mumbai au London, ukurasa wa siti ukifunguka, kidole chenyewe kinakwenda dirishani.

Ndege haisimami kuchimba dawa. Huko kila mtu huinuka kwa wakati wake, na wa dirishani hana njia ila kupita mbele ya magoti ya watu wawili, pengine saa nane za usiku.

Mimi nilichelewa kulielewa hilo. Miaka kadhaa iliyopita, safari ya usiku kutoka Dar kwenda Dubai, nilikaa dirishani. Pembeni yangu alikaa mama mmoja aliyempakata mwanawe, na njiani, yaani siti inayopakana na ujia wa kupita watu, alikaa mzee wa rika la baba yangu, amevaa kanzu, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Trei za chakula zilipokusanywa na taa kuzimwa, nikaanza kubanwa. Nikamtazama mama, nikamtazama mzee, nikaona aibu. Nikajikaza karibu saa tatu nzima. Iliposhindikana kabisa, nikanyoosha mkono nikamgusa mzee begani: "Shikamoo mzee. Samahani sana, naomba kupita." Akafumbua macho, akashika kiti cha mbele, akasimama taratibu. "Marahaba mwanangu. Mbona hukusema mapema? Na mimi miguu imekufa ganzi, nimeogopa kuinuka nisije nikamwamsha mtoto."

Watu wawili kwenye safu moja, kila mmoja anaumia kwa kumstahi mwenzake, na njia ilikuwa wazi muda wote.

Tangu siku ile nikitazama ramani ya siti najiuliza mambo mawili: hapa napata haki gani, na hapa nitadaiwa nini na jirani? Kila siti ya daraja la kawaida ina haki yake na ina deni lake. Safari huwa chungu pale mtu anapokalia siti ambayo deni lake hawezi kulilipa: mgonjwa wa figo aliyejifungia dirishani, au mtu wa usingizi mzito aliyekaa njiani na kuziba watu wawili.

Tunapima nini

Nitazipima siti zote kwa mambo yaleyale. Kwanza mwili: miguu, mabega, baridi, na nafasi ya kujongea. Pili usingizi. Tatu kuinuka, yaani urahisi wa kwenda chooni, kunyoosha mgongo, kufungua begi la juu. Nne haki na deni kwa jirani, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa kuwa ndipo ugomvi mwingi wa ndani ya ndege unapozaliwa. Mwisho, siti inamfaa nani.

Kuna mambo siti haiyabadilishi. Nafasi kati ya kiti na kiti kwenye daraja la kawaida huwa inchi 30 hadi 32, na upana wa kiti inchi 17 hadi 18, ukae mbele au nyuma. Hewa ni kavu kwa wote. Shinikizo la hewa nalo ni moja: ndani ya Boeing 787 mwili wako unajisikia kama uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, ambao ndio mwinuko wa Nairobi, ndege nyingi za zamani hufika hadi mita 2,400, mwinuko wa Iten wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wa Kenya. Mtu wa Tanga au Mombasa aliyezoea hewa ya pwani asishangae kichwa kikiwa kizito na miguu kuvimba. Kunywa maji, legeza kamba za viatu.

Jambo lingine: jua ndege utakayopanda, maana neno "katikati" halina maana moja kila mahali. ATR 72, Dash 8 Q400 na Embraer 190, ambazo wengi tunazipanda kwa safari za ndani na za jirani, zina siti mbili kila upande, katikati hakuna. Airbus A220 za Air Tanzania zina mbili upande mmoja na tatu upande wa pili. Boeing 737 ni tatu kwa tatu. Airbus A330 kwa kawaida ni mbili, nne, mbili. Boeing 787, ambazo Air Tanzania na Kenya Airways wanazo, ni tatu, tatu, tatu. Boeing 777 za mashirika mengi ni tatu, nne, tatu. Aina ya ndege iko kwenye tiketi au kwenye ukurasa wa kuchagua siti. Itazame kabla hujalipia chochote.

Dirishani

Mwili. Bega moja limepumzika ukutani na hakuna kitoroli kitakachokugonga kiwiko. Lakini ukuta wa ndege umepinda, kwa hiyo mtu mwenye mabega mapana hujikuta anaegemea upande wa jirani. Ukuta pia ni wa baridi usiku. Leta kitenge au sweta hata kama Dar umeondoka ukitoka jasho. Hatari kubwa ya siti hii ni kwamba aliyekaa hapo haamki. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2007 kwamba safari ya saa nne na zaidi huongeza takriban mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa mtu mwenye afya uwezekano huo unabaki mdogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000, na chanzo chake ni kukaa bila kujongea, iwe ndani ya ndege, basi au treni. Zungusha vifundo vya miguu, kanyaga vidole na visigino kwa zamu, na usiogope kuomba njia.

Usingizi. Hapa dirishani hapana mpinzani. Una pa kuegemeza kichwa na hakuna wa kukuamsha apite.

Kuinuka. Ni kugumu kuliko siti zote.

Haki na deni. Haki ya kwanza ni pazia la dirisha. Ni lako, ila mwanga wake unawaangukia wote. Ukiruka usiku kuelekea mashariki, tuseme Mumbai au Guangzhou, jua litachomoza mapema kuliko saa ya mwili wako, na mtu anayelifungua pazia ghafla anawapiga tochi usoni watu wa safu nzima. Fungua kidogo, tazama, funga. Kwenye 787 hakuna pazia, kuna kitufe cha kutia kioo giza, na wahudumu mara nyingi hutia giza madirisha yote kwa pamoja usiku. Wakati wa kuruka na kutua wakikuambia fungua, fungua. Ni suala la usalama.

Deni ni kuwainua wenzako. Lilipe kwa hesabu: nenda chooni kabla ya kupanda, kisha vizia jirani wa njiani anapoinuka mwenyewe na uende naye. Ukilazimika kumwamsha, mguse begani na uongee. Usiruke juu ya magoti yake gizani. Nimeshuhudia mtu akijaribu kumvuka mama aliyelala, akashika kiti cha mbele kwa nguvu, akamwamsha wa mbele, akayumba, akamkalia mama. Watu wawili wakaamka kwa ajili ya kuogopa kumwamsha mmoja.

Kwenye Ramadhani wa dirishani ana deni moja zuri. Ukiwa juu, jua huchelewa kuzama kuliko chini, na wafungaji wengi hufuata jua wanaloliona kutoka ndani ya ndege. Mwenye kuliona ni wewe. Waambie wenzako limezama.

Inamfaa mtu wa usingizi, mtu wa safari fupi, anayependa kutazama nchi, na asiyependa kuguswaguswa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, waliofuatilia mienendo ya abiria kwenye safari za ndani ya Marekani na kuchapisha kazi yao mwaka 2018, walikuta wa dirishani ndio wanaokaribiana na watu wachache zaidi. Anayetoka kuugua, au anayekwenda kutibiwa, alifikirie hilo.

Njiani

Mwili. Mguu mmoja unaweza kunyooka njia ikiwa tupu, na unasimama muda wowote. Bei yake ni kiwiko na goti: vitoroli vya chakula ni vizito, na mhudumu anayekisukuma kutoka nyuma hauoni mguu wako. Chini ya mkono wa kiti wa upande wa njia, karibu na maungio yake, ndege nyingi zina kitufe kidogo. Ukikibonyeza, mkono unanyanyuka, na mtu mwenye magoti mabovu anageuka na kushuka kama anayetoka kitandani. Watu husafiri miaka kumi bila kukijua.

Usingizi. Wa kukatikakatika. Utaamshwa na wa ndani, na mapaja ya wapita njia, na mikoba yao.

Kuinuka. Siti hii imeumbwa kwa hilo. Mwenye kisukari, mjamzito, anayemeza dawa za presha zinazoleta mkojo, mtu anayetaka kutia udhu na kuswali, wote watashukuru hapa. Anayekwenda Umra kwa kupitia Jeddah na hakuvaa ihramu nyumbani atashukuru zaidi, maana ndege inapokaribia mikati, mpaka ambao mwenye Umra hauvuki bila ihramu, foleni ya vyoo hufika mbali, na wa dirishani wakati huo bado anaomba njia.

Haki na deni. Haki ni uhuru wa miguu. Deni ni kuwa mlango. Umekaa mlangoni kwa watu, na mlango haukunji uso ukifunguliwa. Anayeomba kupita, simama kabisa, toka nje ya safu, mpishe. Kupinda magoti pembeni hakutoshi, kunamlazimisha mwenzako, hasa mwanamke aliyevaa baibui au gauni refu, apite akijisugua kwako. Ukijua unalala fofofo, mwambie wa ndani mapema: "Dada, ukitaka kupita niamshe tu, usiogope." Sentensi hiyo moja ingeniokolea saa tatu.

Deni la pili ni kupitisha. Chai ya moto, trei, kikombe cha maji cha mtoto, vyote hupitia mikononi mwako kwenda ndani na kurudi. Vua visikizi kitoroli kikifika.

Kuna siri moja ya ramani. Kwenye 777, njiani upande wa dirisha unadaiwa na watu wawili. Njiani kwenye kundi la kati la siti nne unadaiwa na mmoja tu, maana wale wawili wa ndani kila mmoja ana upande wake wa kutokea. Kwenye 787 kundi la kati lina watu watatu, na wa katikati anaweza kutokea kokote. Anayetaka uhuru bila kuamshwa sana akae njiani kwenye kundi la kati. Atakosa dirisha, na usiku hatalikumbuka.

Inamfaa mrefu, mwenye haja za mara kwa mara, mwenye safari ya saa nane na zaidi, na anayewahi kuunganisha ndege nyingine.

Katikati

Siti hii hakuna anayeiomba, na mara nyingi ndiyo inayobaki kwa mwenye tiketi ya bei nafuu asiyetaka kulipia kuchagua. Naomba tuitendee haki.

Mwili. Mabega mawili yanabanwa pande mbili. Hakuna ukuta wa kuegemea wala njia ya kunyoosha mguu. Ndege hutofautiana, hata hivyo: kwenye A220, siti ya katikati upande wa watatu imetengenezwa pana kidogo kuliko za pembeni yake.

Usingizi. Mbaya, isipokuwa uwe na mto wa shingo. Uvae kidevu kikiwa kimeshikwa mbele, la sivyo kichwa kitamwangukia jirani.

Kuinuka. Unamwamsha mtu mmoja tu, na kwenye kundi la kati la 787 unachagua wa kumwamsha. Hapo siti inayodharauliwa inaipita ya dirishani.

Haki na deni. Haki ya katikati inafahamika kwa wasafiri wengi duniani, ingawa haijaandikwa popote kwenye tiketi: mikono miwili ya viti ya ndani ni yake. Wa dirishani ana ukuta, wa njiani ana njia, huyu ana mikono ya viti. Ukimkuta mtu ameshatandaza kiwiko chake, usianze vita ya kusukumana kimyakimya. Sema kwa upole, "Kaka, samahani, nami niegemeze hapa kidogo," na wengi watasogea, maana wengi hawajui. Mtu akiwa na mwili mkubwa, mkono wa kiti ushushwe kabla ya ndege kuondoka. Ni rahisi kukubaliana mapema kuliko katikati ya usiku.

Deni lake ni magoti na simu. Magoti yako yakae ndani ya mipaka ya kiti chako, hasa wanaume tuliozoea kukaa tumejitanua. Kioo cha simu yako kinatazamwa na watu wawili hata wasipotaka. Punguza mwanga, na visikizi ni lazima. Salimia pande zote mbili unapofika. Kwa watu wetu salamu si mapambo: aliyekusalimia saa mbili usiku hawezi kukunyima kupita saa tisa.

Inamfaa anayesafiri na mwenzake aliye pembeni, mzazi mwenye mtoto wa kukaa dirishani, mwembamba mwenye safari fupi, na anayetaka kubakisha fedha kwa mambo mengine. Kulipa zaidi ili ukwepe katikati kwa safari ya saa moja ya Dar kwenda Dodoma ni fedha iliyotupwa.

Mlango wa dharura na safu ya mbele ya ukuta

Hizi mbili, ya pili ikiwa safu inayotazamana na ukuta badala ya viti vya wengine, huuzwa ghali kwa jina la nafasi ya miguu, na kweli ipo. Mtu wa futi sita anayekwenda London kwa saa karibu tisa hatajuta. Lakini kiti chenyewe mara nyingi ni chembamba kidogo, kwa kuwa meza na wakati mwingine skrini zimefichwa ndani ya mikono ya kiti, na mikono hiyo hainyanyuki. Karibu na mlango pana baridi. Mkoba wako hautakaa miguuni wakati wa kuruka na kutua. Lazima uwekwe kwenye kabati la juu, na ukiwa na dawa ndani yake zitoe kwanza.

Usingizi ni wa bahati. Safu ya ukuta ndipo wanapofungwa vitanda vya watoto wachanga, na safu za milango mara nyingi ziko karibu na vyoo na jiko, watu husimama kuongea.

Kuinuka ni rahisi kwa wote, hata wa dirishani kwa mara nyingi hupita bila kumgusa mtu.

Deni la mlango wa dharura ni zito kuliko yote, na watu hulisaini bila kulisoma. Ukikaa pale umekubali kufungua mlango na kusaidia watu kutoka siku mambo yakiharibika. Kwa hiyo hawaruhusiwi watoto, wajawazito, wanaosafiri na mtoto mchanga, wala mwenye ulemavu au maradhi yatakayomzuia, na lazima uelewe lugha ya maelekezo ya wahudumu. Mhudumu akija kukueleza mlango unavyofunguka, weka simu chini umsikilize. Nafasi uliyoilipia ni ya kutokea wenzako wa safu za jirani pia.

Safu ya ukuta inamfaa mwenye mtoto mchanga. Kitanda kiombwe mapema kwa shirika, maana ni vichache na kila kimoja kina kikomo cha uzito. Wewe usiye na mtoto ukikaa hapo, usilalamike mtoto akilia. Ndiyo safu yake.

Deni la mbele na nyuma

Jirani si wa kushoto na kulia tu. Kiti unachokilaza kinaingia kwenye nafasi ya mtu mwingine, na huyo ana inchi zilezile ulizonazo. Mimi nakilaza kwenye safari ndefu, usiku, chakula kikishaondolewa, na kwanza nageuka nyuma: huenda kuna mtu anakunywa chai, au ana mtoto magotini. Nakilaza polepole. Wakati wa chakula nakisimamisha bila kusubiri mhudumu. Kwa safari ya Dar na Zanzibar, ya dakika 20 hivi, sioni sababu ya kukigusa kabisa. Na wewe wa nyuma, usikivute kiti cha mbele kila unapoinuka. Shika mkono wa kiti chako mwenyewe.

Safu ya mwisho iliyoegemea choo mara nyingi haina nafasi ya kulaza, na iliyo mbele ya mlango wa dharura nayo hufungwa. Ukichagua hizo, utalaziwa na hutalaza.

Harufu nayo ina mipaka mirefu kuliko kiwiko. Udi na mafuta mazito ni heshima kwenye harusi. Ndani ya hewa kavu iliyofungwa saa sita, aliye safu tatu mbele anaumwa kichwa. Samaki wa kukaanga wa kumpelekea shemeji afungwe vizuri aende kwenye mzigo mkubwa. Doriani ibaki Unguja.

Uchague vipi kwa hali yako

Safari chini ya saa mbili, mchana: kaa dirishani bila wasiwasi, deni lake ni dogo. Ukitoka Dar, Zanzibar au Mombasa kwenda Nairobi, Kilimanjaro huwa upande wa kushoto, yaani siti za herufi A. Kurudi, ni kulia. Ukitoka Dar kushukia uwanja wa Kilimanjaro (KIA), tazama kulia.

Safari ya usiku ya saa tano au sita kwenda Ghuba: mtu wa usingizi akae dirishani, anywe maji kwa kiasi kabla ya taa kuzimwa, aende chooni mara trei zikikusanywa. Asiyelala akae njiani.

Saa nane na zaidi: njiani, kundi la kati. Inuka kila baada ya saa mbili hivi. Aliyewahi kuganda damu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au mjamzito azungumze na daktari kabla ya kukata tiketi.

Mwenye kisukari au dawa za presha: njiani, safu chache kabla ya vyoo, si safu ya vyoo yenyewe. Insulini na dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Chakula maalumu kiagizwe angalau siku moja kabla.

Mwenye hofu ya mtikisiko: karibu na mabawa, ambako ndege hutikisika kidogo kuliko mkiani, siti yoyote kati ya tatu.

Wawili: kwenye A330 tafuteni siti pacha za upande, mna dirisha na njia bila mtu wa tatu. Kwenye ndege ya tatu kwa tatu wengine huchukua dirisha na njia wakitumaini katikati itabaki tupu. Inaruhusiwa; ila mtu akija, mpeni achague moja ya pembeni nanyi mkae pamoja. Kuongea juu ya kichwa chake saa sita ni kumtesa.

Mzazi na watoto: mtoto dirishani, wewe katikati au njiani, na mguu wake usipige kiti cha mbele, mvue viatu vigumu. Shirika likiwatenganisha, ongea kwanza kaunta ya uwanjani, kisha na mhudumu, kisha na abiria, na abiria unayemwomba kubadilishana mpe siti iliyo sawa na yake au bora. Usikae kwanza kwenye siti ya mtu ndipo uombe. Akikataa, hajakukosea.

Ukitupwa katikati: usajili wa safari mtandaoni mara nyingi hufunguliwa saa 24 hadi 48 kabla ya kuondoka, na wakati huo siti kadhaa zinaweza kupatikana bila malipo. Weka kengele kwenye simu.

Na kama unampeleka mzee wako anayepanda ndege kwa mara ya kwanza, iwe anakwenda Muscat kwa binti yake au India kutibiwa, mwekee njiani hata kama anatamani dirisha, wewe kaa katikati. Mwonyeshe kile kitufe cha mkono wa kiti. Mwonyeshe choo kabla taa hazijazimwa, na komeo lake linavyofungwa, na avae viatu kwenda huko kwa kuwa sakafu huwa na maji. Mvushe aje dirishani dakika chache, ndege ikiwa imetulia na taa ya mikanda imezimwa, aone mawingu kwa chini. Mkanda wa ndege haufungwi kama wa gari, na wazee wengi huona haya kuuliza. Funga wako kwanza taratibu, huku akikutazama, kisha mwache afunge wake mwenyewe.